Askari Aliyelemaa Aomba Kurudi Kazini: Katiba Yasemaje?

Tulikwenda Kibuyuni kwa shughuli nyingine kabisa. Akina mama wakulima wa mwani walikuwa wametuita tuwasomee karatasi za ushirika wao na tuwaeleze maana ya kila kipengele kabla hawajatia sahihi. Siku nzima tulikaa chini ya mkungu, karatasi zimewekewa mawe zisipeperushwe na upepo wa bahari, huku maji yakijaa na kufunika zile kamba na vigingi ambavyo asubuhi tulivikuta viko wazi juu ya mchanga.

Jua lilipopinda, akaja mwanamume wa miaka 35 hivi, akitembea kwa mguu mmoja wake na mmoja wa bandia. Alisubiri mpaka akina mama wamalize. Kisha akasema, "Bwana wakili, mimi sikuja kwa mambo ya mwani. Nataka kujua kama sheria inaniruhusu kurudi jeshini."

Jina lake hatulitaji, wala kikosi chake, kwa kuwa yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Inatosha kusema kwamba aliupoteza mguu wa kushoto, chini ya goti, katika ardhi ya Somalia. Kwamba alitibiwa, akaachishwa kazi kwa sababu za afya, na pensheni yake anaipata. Hakuja kulalamika. Tulipomuuliza kama labda ana madai ya fidia, alitikisa kichwa kama mtu aliyechoka kuulizwa swali hilo. "Kila mtu anadhani nataka pesa," akasema. "Nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano. Redio haitengenezwi kwa mguu."

Mmoja wa akina mama, shangazi yake kwa upande wa baba kama tulivyokuja kuelewa, alikuwa akikunja mkeka. Akasema bila kuinua macho, "Wewe mwanangu, ukirudi huko watakumalizia na huo wa pili." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuondoka.

Tunaleta habari hii katika ukurasa huu kwa sababu tangu siku ile tumeulizwa na wenzetu wawili, mmoja mhubiri na mwingine mwanaharakati wa miaka mingi, kwa nini harakati ya mageuzi ijihusishe na mtu anayetaka kurudi kubeba bunduki. Swali hilo ni la haki. Waliotutangulia katika harakati hizi, wale waliodai kifungu cha 2A kiondolewe mpaka kikaondolewa Desemba 1991, walizoea kuwaona wenye sare upande wa pili wa barabara. Ni vigumu kwa aliyepigwa rungu Kamukunji kumwona askari kama mnyonge. Hata hivyo mnyonge anaweza kuvaa sare, na akivuliwa sare hiyo akiwa amepungukiwa kiungo, unyonge wake huwa maradufu: raia humwona askari, na askari humwona raia.

Kuna sababu kubwa zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 240, yasema kwamba majeshi yetu hayapelekwi nje ya nchi katika shughuli za kulinda amani ila kwa idhini ya Bunge. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na Desemba ya mwaka huohuo Bunge la wakati ule, la serikali ya mseto, likaidhinisha yajiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba uamuzi ule haukuwa wa mtu mmoja Ikulu, kama mambo yalivyokuwa yakifanywa katika enzi ya chama kimoja. Ulipitia kwa wawakilishi wetu wa pande zote. Tulidai Bunge liwe na sauti, likapewa sauti, nalo likasema ndiyo. Hakuna chama leo kinachoweza kunawa mikono kama Pilato na kusema mguu wa kijana wa Kibuyuni si shauri lake.

Na baada ya kusema ndiyo, tulinyamaza. Januari 15, 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa. Januari 27, 2017 ikashambuliwa ile ya Kulbiyow. Idadi za waliokufa El Adde zilitajwa na watu wa nje, zikabishiwa, na mpaka leo serikali yetu haijawawekea wananchi mezani hesabu kamili. Kama waliokufa hawakuhesabiwa hadharani, je, waliorudi na mguu mmoja, au jicho moja, au wenye viungo vyote lakini hawalali usiku, nani amewahesabu? Tuliopigania uwazi katika kura na katika bajeti tulifikiri kwamba jeshi lina uwazi wa namna yake. Labda lina. Lakini usiri wa vita ni wa mipango ya vita. Haukuwekwa ili majeruhi wasahaulike.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiyo kazi aliyotupa kijana yule.

Wengi hudhani kwamba mtu akiapishwa jeshini haki zake za Katiba hubaki langoni. Si kweli, wala haijaandikwa hivyo. Ibara ya 24, kifungu kidogo cha 5, imezitaja kwa jina haki ambazo sheria yaweza kuwapunguzia wanajeshi na polisi. Ni sita: faragha katika Ibara ya 31, uhuru wa kujiunga na vyama katika ya 36, mikutano na maandamano katika ya 37, mahusiano ya kazi katika ya 41, haki za kiuchumi na kijamii katika ya 43, na haki za mtu aliyekamatwa katika ya 49. Orodha ikaishia hapo. Walioandika Katiba walikuwa na nafasi ya kuongeza Ibara ya 27, ile ikatazayo mtu kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu, nao hawakuiongeza. Hawakuongeza Ibara ya 28 ya utu na heshima. Hawakuongeza ya 47, impayo kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki na afisi za serikali na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa vibaya. Wala hawakuongeza Ibara ya 54, ile ya watu wenye ulemavu, isemayo kwamba Serikali itahakikisha, hatua kwa hatua, kuwa angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa zinashikwa na watu hao.

Tusitie chumvi. Kutokuwamo katika orodha ile hakumaanishi kwamba haki hizo haziwezi kuwekewa mpaka wowote. Ibara ya 24 yenyewe, katika kifungu chake cha kwanza, yaruhusu haki kuwekewa mpaka kwa sheria, mradi mpaka huo uwe wa busara na unaoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia, na mradi pasiwe na njia nyingine ya kutimiza lengo lilelile kwa kuumiza kidogo. Lakini mzigo wa kuthibitisha hayo ni wa Serikali. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Kijana wa Kibuyuni halazimiki kuthibitisha kwamba anafaa kwa kila kazi ya jeshi. Ni Serikali inayopaswa kuonyesha kwamba mtu asiye na mguu hawezi kukaa mezani na kutengeneza redio.

Nchi nyingine zilichagua njia tofauti, na ni vizuri kulijua hilo. Uingereza, kwa mfano, ambayo sheria yake tuliirithi kwa mengi, iliyatoa majeshi yake nje ya kinga ya ulemavu katika masuala ya ajira katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Ni mwaka uleule tuliopitisha Katiba yetu. Wao waliandika kwa wino kwamba jeshi haliguswi, sisi hatukuandika. Mahakama yetu ikiulizwa siku moja, haitakuwa na ruhusa ya kuandika kile ambacho wananchi hawakukiandika walipopiga kura ya maoni.

Na si ajabu kwamba Waingereza haohao ndio wenye mfano ujulikanao sana. Rubani Douglas Bader alikatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya ndege mwaka 1931, akaachishwa kazi, na vita vilipozuka mwaka 1939 akarudishwa. Akaruka, akaongoza wenzake, mpaka alipoanguka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1941. Marekani nayo ina Tammy Duckworth, rubani wa helikopta aliyepoteza miguu yake Iraq mwaka 2004. Alibaki katika jeshi la akiba la jimbo lake mpaka mwaka 2014, na sasa ni seneta. Tunaitaja mifano hii kwa tahadhari. Bader alirudishwa kwa kuwa marubani walikuwa wachache na adui yu angani. Taifa lenye shida halichagui. Sheria haipaswi kungoja shida namna hiyo.

Ulio karibu zaidi nasi, kwa maoni yetu, ni wa Namibia. Huko mtu aliyekuwa mpiganaji wa ukombozi aliomba kuingia katika jeshi la nchi aliyosaidia kuikomboa, akakataliwa kwa sababu alionekana na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2000 Mahakama ya Kazi ya Namibia iliamua kwamba kuwa na virusi peke yake si sababu ya kumkataa. Lazima apimwe kama mwili wake, siku ile, unaweza kazi ile. Hilo ndilo jibu letu kwa wasemao "jeshi ni jeshi". Jeshi lina haki ya kupima. Halina haki ya kukataa kupima.

Hoja ya upande wa pili tunaijua, na hatutaki kuipitia juu juu. Afisa mmoja mstaafu, mtu tunayemheshimu, alitueleza hivi: mwanajeshi haajiriwi kuwa fundi, huajiriwa kuwa mwanajeshi, na ufundi ni nyongeza. Kambi ikivamiwa usiku, fundi wa redio hutupa bisibisi akashika silaha, na asiyeweza kukimbia hubebwa na mwenzake ambaye naye angekuwa akipigana. El Adde, alisema, hakukuwa na wapishi wala makarani usiku ule. Wote walikuwa askari. Maneno hayo ni mazito, na mtu aliyewahi kuwa mstari wa mbele ana haki ya kuyasema kuliko sisi tulioshika kalamu.

Lakini hebu tuyafuate mpaka mwisho. Je, kila mwanajeshi wa Kenya yuko El Adde? Jeshi lina maghala, karakana, vyuo, hospitali, afisi za hesabu na mitambo ya mawasiliano, nyingi zikiwa ndani ya nchi, nyuma ya lango na ukuta. Watu hukaa humo miaka mingi bila kuitwa mpakani, na hakuna anayewaambia si askari. Mtu mzima anapokaa ghalani miaka 10 tunasema anatumikia taifa. Aliyejeruhiwa akiomba kukaa ghala lilelile tunaambiwa jeshi si mahali pa kukaa. Kama hoja ni usalama wa wenzake, basi apangiwe pale ambapo usalama huo hauguswi. Sheria ya Majeshi ya mwaka 2012 yenyewe inatambua kikosi cha akiba mbali na kile cha kudumu, kwa hiyo kuwa na madaraja tofauti ya utumishi si jambo geni kwa watunga sheria wetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, waliita jambo hili marekebisho yanayofaa: kurekebisha mahali pa kazi na namna ya kazi, mradi isiwe mzigo usiobebeka. Kwa Ibara ya 2 ya Katiba, mkataba huo ni sehemu ya sheria yetu.

Tatizo halisi, tulipolichunguza, ni la mlango. Matangazo ya kuandikisha makuruti huwataka vijana wadogo, wenye afya kamili na viungo timamu, na wakapimwa kwa kukimbizwa uwanjani mbele ya umati. Mlango huo si wake. Yeye si kuruti. Mafunzo alikwisha kuyapata, kiapo alikwisha kula. Anachohitaji ni utaratibu wa kumrejesha aliyetoka kwa sababu za afya, ambapo madaktari watampima upya, wakubwa wa idara yake ya zamani watasema kama wana kazi anayoiweza, na jibu litatolewa kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana. Alipokwenda kuuliza katika afisi moja, ambayo hatutaitaja, aliambiwa kwa mdomo kwamba "jambo kama hilo halipo". Labda ni kweli halipo. Basi na liwepo. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 ilikuwa hatua njema kwa wale waliomaliza utumishi wao, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, imeongeza nguvu katika masuala ya ajira. Moja yamtazama kama mstaafu, nyingine yamtazama kama mlemavu. Ile itakayomtazama kama askari anayeomba kazi bado hatujaiona.

Pwani hii yawajua askari wa namna hiyo tangu zamani. Kutoka Kibuyuni ukifuata ufuo kuelekea kusini, ukapita Vanga na kuvuka mpaka, utafika Jasini, ambako Januari 1915 majeshi ya Mwingereza na ya Mjerumani yalipigana siku mbili, na damu nyingi iliyomwagika ikawa ya Waafrika na Wahindi. Katika vita vile wapagazi wa Kariakoo walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya wakoloni wenyewe, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao kamwe. Walijengewa sanamu Nairobi na Mombasa. Vita vya pili vikawapeleka vijana wa King's African Rifles mpaka Burma, na waliporudi walilipwa kwa rangi ya ngozi. Mkoloni alijua kumsimamisha Mwafrika aliyekufa juu ya jiwe. Aliye hai na mwenye gongo hakujua amweke wapi. Ni aibu kwamba sisi nasi, miaka zaidi ya 60 baada ya kupandisha bendera yetu, hatujapata jibu lililo bora sana.

Majirani zetu wamejaribu, kila mmoja kwa namna yake. Jeshi la Uganda lina kituo chake cha Mubende kwa ajili ya waliojeruhiwa na kulemaa. Eritrea ndiyo inayotutisha. Huko wapiganaji waliolemaa katika vita vya ukombozi walitukuzwa kuliko watu wote. Lakini Julai 1994, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, walipotoka kituo cha Mai Habar kudai hali bora, walipigwa risasi na wenzao wa jana, na baadhi yao wakafa. Nchi ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa vyama vya kushindana, magazeti ya kuuliza na mahakama ya kukimbilia. Anayetuuliza mfumo wa vyama vingi wahusiana vipi na mguu wa mtu mmoja wa Kibuyuni, na aisome habari ya Mai Habar.

Kuna hoja nyingine tuliyosikia ikitolewa kwa nia njema, nayo hatuitaki. Wapo wasemao kwamba askari wa zamani wasipotunzwa watakuwa hatari, na huku Kwale hawakosi kutaja Agosti 1997. Ni kweli kwamba walioshambulia Likoni na kusambaa hadi Ukunda waliua zaidi ya watu 100 na kuwakimbiza maelfu, wengi wakijisitiri katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Na ni kweli pia kwamba uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch, uliochapishwa mwaka 2002, uliwataja watu waliowahi kuwa jeshini miongoni mwa waliowafunza vijana wale. Lakini kumtendea mtu haki kwa kuwa unamwogopa ni kumtukana mara ya pili. Kijana aliyekuja chini ya mkungu ule hakumtisha mtu. Aliomba kazi.

Sasa neno kwa wenzetu wa makanisani. Tumeambiwa: Mungu amemtoa mtu huyu vitani akiwa hai, kwa nini ninyi Wakristo mmsaidie kurudi? Si afadhali kumfundisha kazi nyingine ya amani? Tungemfundisha kama angeomba. Yeye ameomba hii. Tena tuangalie tusije tukaificha dharau ndani ya huruma yetu, maana ni rahisi kumwambia mlemavu "pumzika" ilhali mwenye viungo vyote tunamwacha achague.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli mna habari za Mefiboshethi mwana wa Yonathani, aliyeanguka mikononi mwa yaya akiwa na miaka 5 akalemaa miguu yote miwili. Wahubiri wetu huipenda sura ya 9, ambapo Daudi anamketisha mezani pake ale kama wana wa mfalme. Huwa tunaishia hapo, sadaka ikapita. Lakini habari yaendelea. Katika sura ya 19, mfalme anaporudi kutoka ukimbizini, anamwuliza Mefiboshethi kwa nini hakufuatana naye. Naye anajibu kwamba alitaka kutandikiwa punda aende pamoja na mfalme, kwa kuwa yeye ni kiwete, lakini mtumishi wake akamdanganya, akamsingizia. Ndevu zake hakuzikata, nguo zake hakuzifua tangu mfalme alipoondoka. Chakula cha mezani alikuwa nacho siku zote. Alichotaka siku ile ni punda.

Kibuyuni ni kijiji cha Waislamu, na tulipomaliza mazungumzo mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza kwa mbali alisema wao nao wanaye wao. Akatusimulia habari za Amr bin al-Jamuh, sahaba aliyekuwa akichechemea sana, ambaye wanawe walimzuia asiende Uhud wakimwambia Mwenyezi Mungu amemsamehe vita. Akaenda kuwashtaki kwa Mtume. Mtume akamwambia kwamba kweli amesamehewa, kisha akawaambia wanawe wasimzuie. Akaenda, akafa huko. "Kusamehewa si kukatazwa, wanangu," mzee akasema. Shangazi aliyekuwa akikunja mkeka akamjibu kwamba hadithi hiyo yaishia mtu kufa, na ndilo jambo alilolisema yeye tangu mwanzo. Mzee hakuwa na jibu, nasi hatukuwa nalo. Huyo mama ndiye aliyemwosha kijana wake vidonda wiki nzima nzima, na mwenye haki ya kuogopa ni yeye kuliko mtu yeyote aliyekuwapo.

Tulimwambia kijana ukweli: hatukujua kesi ya Kenya iliyokwisha kuamua jambo hili hasa, na kuanza na mahakama kungekuwa kuruka ngazi. Kwanza apate jalada lake la matibabu na maandishi ya bodi ya madaktari iliyopendekeza aachishwe. Ibara ya 35 yampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kuona yanayomhusu. Wanaweza kusema ni siri ya usalama wa taifa. Lakini goti la mtu si siri ya taifa. Kisha aandike ombi rasmi la kurejeshwa, akitaja kazi anayoiweza, na akikataliwa adai sababu kwa maandishi chini ya Ibara ya 47. Zikiwa mkononi, ipo Tume ya Haki za Kibinadamu, ipo Tume ya Haki za Kiutawala, na mwisho ipo Mahakama Kuu, ambako Ibara ya 22 yasema hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua shauri la haki za kimsingi, na kwamba mtu au chama chaweza kufungua kwa niaba ya mwingine. Makanisa yenye kamati za haki na amani yasikie hilo la mwisho. Na mbunge wa kila chama atakayepita huko akitafuta kura aulizwe swali moja tu: je, utapeleka mswada wa kuwarejesha kazini waliojeruhiwa, au hutapeleka? Akianza kusimulia jinsi alivyochangia harambee, arudishwe kwenye swali.

Barua ya kwanza tuliiandika palepale, juu ya meza waliyokuwa wakitumia kupimia mwani mkavu, kwa kuwa jua lilikuwa bado lipo. Aliisoma mara mbili, akatufutisha neno moja. Tulikuwa tumeandika "aliyekuwa mwanajeshi". Alisema tuandike namba yake ya utumishi na cheo, basi. Tukafanya hivyo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaipa afisi siku 21 tangu kupokea ombi, kwa hiyo tulimshauri asiitume kwa mtu; aipeleke kwa mkono wake na nakala ya pili ipigwe muhuri wa tarehe mbele ya macho yake.